Pedeli Iliyokaa Mezani Miaka Miwili

Mwanaidi mwanangu,

Nimegombana na skrubu moja tangu nilipotoka kuswali Adhuhuri. Sasa Alasiri imeshaadhiniwa na skrubu imekaa palepale. Kichwa chake kimelika, bisibisi inazunguka juu yake bila kushika kitu, na aliyekila ni mimi, maana pedeli hii haijawahi kufunguliwa na mkono mwingine tangu ifike Makole. Nimejaribu bisibisi tatu, nimejaribu koleo, nimejaribu hata maneno ambayo kama mama yako angeyasikia, leo ningelala na njaa.

Basi nimeiacha, nimechukua kalamu. Wewe na mama yako mmekwenda Area D kumuaga shangazi yako, na namjua dada yangu, hatawaachia mpaka mle. Nina muda mpaka Magharibi. Kesho alfajiri unapanda basi la Arusha, na kuna jambo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo miaka miwili sasa. Nimepanga niliandike, niikunje karatasi, niisokomeze kwenye mfuko wa pedeli uikute huko mbele, ukishapita Kondoa, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunigombeza.

Habari za kula, kuvaa na kufunga mlango sikuandikii. Mama yako amezisema tangu Jumatatu, na kesho bibi yako wa Kondoa atazirudia zote dirishani, maana nasikia atakuwa stendi na kikapu cha viazi basi likipita. Mimi nakuandikia habari za pedeli ya gitaa lako.

Unaijua kwa mguu. Leo nataka uijue kwa ndani. Ukiipindua, ukatoa bamba la chini, utakuta vitu vitatu vya maana. Kuna voliyumu, kile kidude cha kuzungusha, ndugu yake na kile cha kuongezea sauti ya redio. Kuna uzi uliozungushwa kwenye shingo ya voliyumu. Na kuna springi inayouvuta uzi usilegee. Mguu ukishuka, uzi unavuta, shingo inazunguka, sauti inapanda. Hakuna kingine. Mtoto wa darasa la tano ungemweleza akaelewa, na mimi fundi wa miaka thelathini nimehangaika nacho mpaka nimezeeka nacho.

Kosa la kwanza ni hili. Mzee Ndahani alipokuja mara ya kwanza kutoka Kongwa, na pedeli yake ameifunga kwenye kitambaa cha mkewe, nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho. Gitaa la umeme nilikuwa nimelitengeneza, amplifaya nimezitengeneza mpaka nimezichoka, lakini gitaa la stili, lile la kulaza na kupigwa kwa kipande cha chuma, nilikuwa nalisikia redioni tu. Yeye alipewa na Mzungu mmoja aliyefanya kazi ranchi, alipokuwa anarudi kwao. Akaniambia, "Fundi, inakwaruza. Nikikanyaga, sauti inatoka na mchanga." Ningemjibu kwamba chombo hiki sikijui, nipe siku mbili nikisome. Ningepungukiwa na nini? Lakini alikuwa ametoka Kongwa mpaka hapa kwa kuwa ameambiwa yupo fundi Makole asiyeshindwa kitu, na mimi hiyo sifa nilikuwa nimeivaa. Nikamwambia keti mzee, ni kitu kidogo.

Nikafungua, nikaona voliyumu imejaa vumbi, nikaidondoshea mafuta ya cherehani.

Sisi mafundi, kama ulivyoona mwenyewe hapa kibarazani, kila kinacholalamika tunakitia mafuta. Bawaba, feni, gurudumu la kaseti, kufuli. Mara nyingi kinanyamaza. Na ile voliyumu ilinyamaza kweli. Mzee Ndahani akakanyaga, sauti ikapanda safi, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nilijisikia mtu mkubwa siku ile.

Sasa weka mafuta kwenye kitu kisha kipeleke Kongwa kiangazi. Vumbi la huku kwetu halihitaji kualikwa. Baada ya wiki mbili ndani ya voliyumu kulikuwa na tope. Mzee akiwa kwenye harusi, bibi harusi anaingia, sauti ya gitaa ikapotea kabisa, halafu ikarudi yote kwa mpigo mmoja, bibi harusi akaruka. Alirudi hapa dukani na kitambaa chake, akaketi kwenye lile stuli, hajapandisha sauti hata kidogo.

"Fundi, humu uliweka nini?"

"Dawa, mzee."

"Dawa gani?"

"Ya Kijapani."

Akachovya kidole, akanusa. "Hii dawa ya Kijapani hata mke wangu anayo. Anaweka kwenye cherehani."

Wewe ulikuwa umekaa pembeni na sare za shule, kidato cha pili nadhani, ukacheka. Nikakufukuza ndani kwa ukali. Ulilia. Jioni mama yako akaniuliza mtoto amefanya nini, nikasema anasumbua wateja. Hukumsumbua mtu. Ulicheka kitu cha kuchekesha, nami sikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia.

Kwa hiyo sikiliza. Voliyumu haitiwi mafuta. Si ya cherehani, si ya nazi, si ya alizeti, na kijana yeyote wa Arusha atakayekuambia ana spreya ya kulainisha kutu, mshukuru kisha ficha pedeli yako. Inasafishwa kwa ile dawa ya kopo ya kupuliza, inayokauka yenyewe bila kuacha utelezi. Unapuliza kidogo kwenye kitundu cha pembeni, unaizungusha shingo mwanzo mpaka mwisho mara thelathini, unaiacha ipumue, unapuliza tena. Nimekuwekea kopo moja kwenye mfuko. Nililinunua leo. Miaka yote hii nilikuwa sinunui kwa sababu nilijiambia ni la bei mbaya, na hiyo nayo ilikuwa sababu ya uongo.

Kosa la pili ni la uzi. Ule uzi wa asili ulipokatika, niliweka mshipi wa kuvulia samaki, maana ni mgumu na haukatiki. Haukukatika kweli, ila uliteleza. Ni laini mno, unazunguka kwenye shingo ya voliyumu bila kuing'ata, mguu unashuka na sauti imebaki ilipo. Nikaongeza mizunguko, ukateleza. Nikaweka gundi, ukateleza na gundi yake. Mzee Ndahani akawa anakuja kila mwezi, na kila mwezi namwambia sasa imekaa sawa.

Siku moja ukasema, "Baba, kwa nini usiweke uzi wa yule babu anayeshona viatu? Ule una nta, hauwezi kuteleza."

Nikakujibu, "Nenda kasome."

Kesho yake asubuhi, ukiwa shule, nilikwenda kwa babu wa viatu. Nikaomba pima moja ya uzi wake wa nta, nikauzungusha mara mbili na nusu kwenye shingo, nikafunga, na ile pedeli haijateleza tena mpaka leo. Mzee Ndahani akaniuliza, "Fundi, wazo hili umelitoa wapi?" Nikamwambia nimefanya utafiti. Utafiti! Nilikuwa nimesimama palepale unapokaa wewe ukifanya hesabu zako, na daftari lako lilikuwa bado liko juu ya meza. Uzi ni wazo lako, Mwanaidi. Sikuwahi kukwambia, na kila nilipokusifia kwa mambo mengine nilikumbuka hili nikanyamaza.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba makosa yangu ndiyo yaliyokufundisha kupiga gitaa. Ningeitengeneza vizuri mara ya kwanza, yule mzee angerudi Kongwa na sisi tusingemwona tena. Kwa kuwa alikuwa anarudi kila mwezi na gitaa lake la kujaribia, akawa anakukalisha. Anakushikisha kile chuma. Anakuweka mguu kwenye pedeli, mguu wenyewe na kandambili. Nami nipo nyuma ya televisheni iliyofunguliwa, najifanya sisikii.

Nilisikia yote. Nilisikia alivyokuwa anakukatalia kukanyaga mpaka chini. "Mjukuu wangu, ukiumaliza mguu wote kwenye pigo la kwanza, sauti ikianza kufa utaiongezea nini?" Akikuonyesha: piga waya wa gitaa pedeli ikiwa nusu, halafu sauti inavyopungua mguu unashuka polepole, unashuka, unashuka, mpaka msikilizaji asijue sauti ilitakiwa kufa saa ngapi. Ulichukua miezi kuipata hiyo. Siku ulipoipata nilikuwa nachomelea waya, nikajichoma kidole. Mama yako alidhani nimelia kwa ajili ya kidole.

Sasa nafika penyewe. Nimezunguka vya kutosha.

Mikono ya Mzee Ndahani ilipoanza kutetemeka alikuja na vyote viwili. Gitaa alikupa wewe. Pedeli, ambayo ilikuwa imeanza tena kukwaruza, alinipa mimi mbele yako. "Kaa nayo mpaka ipone, halafu mpe mwenyewe." Haikupita miezi mitatu, ile bendi ya Arusha ikakupigia. Walikuwa wamekuona kwenye simu, kwenye ile video aliyokupiga binti wa shangazi yako. Walikuwa wanahitaji mtu wa stili, wakasema njoo na chombo chako kamili, ufanye nao kazi mwezi mmoja tuone. Ukaja dukani mbio, hata shikamoo hukunipa.

"Baba, pedeli imepona?"

Nikakujibu, "Bado kifaa. Voliyumu yake haipatikani Dodoma."

Wiki moja baadaye ukauliza tena, nikajibu hivyohivyo. Wiki ya tatu wale wa Arusha wakasema wamepata mtu mwingine. Ulikwenda uani, ukakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka giza likaingia, na mimi nikakuletea chai. Nilikuletea chai, Mwanaidi. Nikakaa karibu yako nikasema Mungu ana mipango yake.

Voliyumu nilikuwa nayo. Fundi mwenzangu alikuwa ameniletea kutoka Kariakoo wiki ileile waliyokupigia. Ilikuwa kwenye droo ya rimoti mbovu, ndani ya pakiti yake, haijafunguliwa. Ulipokuwa umesimama mbele yangu unauliza, goti langu lilikuwa linagusa ile droo.

Nimejieleza kwa nafsi yangu mara nyingi. Nilisema ni watu. Unaijua familia yetu. Babu wa babu yangu alifika hapa na misafara, akiuza chumvi na kaniki, akajenga akabaki, na tangu siku hiyo kila mtu wa ukoo wetu amekuwa akipima maneno ya majirani kabla hajavaa viatu. Binti wa fundi wa Makole yuko hotelini Arusha anapiga muziki usiku: nilisikia sauti za watu wakisema hivyo hata kabla hawajasema. Baadaye nikagundua hawasemi. Imamu mwenyewe aliniuliza juzi, "Yule binti ataondoka lini, na ule muziki wake?" nikadhani anakuja na lawama. Alitaka kukuombea dua ya safari.

Kwa hiyo si watu. Kaka zako walipoondoka, nyumba ilikuwa inanyamaza nikifunga duka. Wewe ulipoanza kupiga kule chumba cha nyuma, nilikuwa nakaa hapa kibarazani nimeshafunga kila kitu, taa nimezima, nasikiliza. Bila pedeli ungeweza kupiga nyumbani. Kwenye bendi usingeweza. Nilipiga hesabu hiyo kwa sekunde moja, ukiwa umesimama mbele yangu unahema kwa furaha, na sikujua kama mimi ni mtu wa kupiga hesabu ya namna hiyo.

Mama yako alijua. Siku moja alifungua droo akitafuta rimoti, akatoka nayo mkononi ile pakiti. "Hiki si kile kidude cha pedeli ya mtoto?" Nikasema ni kingine. Hakubishana. Unamjua mama yako, watu wa Kondoa wakinyamaza ndipo uanze kuogopa. Tangu siku ile, kila ulipouliza kama imepona, yeye alitoka chumbani. Ulidhani anakwenda jikoni. Jana alipokuwa anakunja nguo zako aliniambia bila kunitazama, "Mtoto anaondoka keshokutwa. Kile kidude bado kiko kwenye droo?" Basi.

Na Mzee Ndahani naye. Alinipigia mwezi ule ule, sauti yake imeshakuwa nyembamba. "Mjukuu wangu ameshakwenda Arusha?" Nikamwambia bado, kifaa. Akasema, "Kifaa gani, Fundi? Mimi nimepiga na hiyo pedeli inakwaruza miaka yote. Mpe aende nayo hivyohivyo." Nikamwambia simu inakatakata. Masika yaliyofuata tulikwenda Kongwa kumzika, wewe ukalia, na mimi nikabeba jeneza upande wa mbele kama mtu ambaye hana deni na marehemu.

Leo asubuhi, baada ya Alfajiri, nikasema inatosha. Wale wa Arusha wamekukumbuka tena, yule mtu wao ameondoka, na safari hii ulisema utakwenda, pedeli iwepo isiwepo. Hukuniuliza kama imepona. Uliacha kuniuliza tangu mwaka jana, na hilo ndilo lililonikata zaidi ya kuuliza.

Nikafungua droo. Nikafungua na pedeli: skrubu tatu zikatoka, ya nne ikakataa, nikalizungusha bamba juu yake nikapata nafasi ya mkono. Nikataka kuchomelea, umeme ukakatika. Nikawasha jiko la mkaa, nikakitia moto chuma cha kuchomelea, nikatoa voliyumu ya zamani nikaweka mpya. Umeme ukarudi. Nikachomeka gitaa lako, nikaizungusha shingo kwa vidole.

Sauti yote ikaja kwa mpigo mmoja. Nimeigusa tu, imeshafika juu, na safari yote iliyobaki haiongezi kitu. Nikavaa miwani nikatazama mgongoni. Imeandikwa B. Pedeli ya sauti inataka A. Ile ya A inapanda kwa kadiri sikio linavyosikia, polepole kwanza, kisha inaongeza. Ya B inapanda sawasawa kwa hesabu ya umeme, na sikio haliko hivyo. Kwa mtu wa stili, ambaye kazi yake yote ni ule mguu wa polepole, B ni takataka.

Nimeficha takataka kwenye droo miaka miwili. Nimekunyima safari kwa ajili ya kidude ambacho hata ningekifunga siku ileile kisingefaa, na sikujua, kwa sababu sikuthubutu hata kufungua pakiti nikatazama. Nilirusha bisibisi ukutani. Alama utaiona, chini ya kalenda.

Nikapanda bajaji mpaka Sabasaba. Duka la kwanza hawana. La pili kijana akanijibu huku anachezea simu, "Mzee, za A mpaka uagize." La tatu wana B nyingi mno, wananiuzia kwa kunisisitiza kwamba A na B ni mamoja. Niligombana na mwenye duka mbele ya wateja wake, mzee mzima, juu ya herufi. Nikarudi na lile kopo la kusafishia tu, jasho linanitoka, na vumbi limenijaa mpaka masikioni.

Basi nikachukua ile voliyumu ya zamani, ya Mzee Ndahani, ile niliyokuwa naiita imekufa. Nikaipuliza. Likatoka tope jeusi. Nikazungusha mara thelathini, nikapuliza, likatoka tena, na lilikuwa linanuka mafuta ya cherehani, Mwanaidi, baada ya miaka yote hii. Nikapuliza mara ya tatu ikatoka safi. Nikaichomelea mahali pake, nikachomeka gitaa.

Haikwaruzi. Umebaki ukwaruzo mmoja mdogo, karibu na mwanzo, mahali mguu unapoanza tu kushuka, ambapo njia yake ya ndani imelika. Ukipita hapo kwa haraka kidogo hakuna atakayesikia. Zaidi ya hapo ni nzima. Haikuwa imekufa. Ilikuwa chafu, na uchafu ulikuwa wangu, na kuusafisha kumenichukua muda usiozidi wa kunywa chai.

Hivyo ndivyo ilivyo. Hakuna kifaa kilichokuwa kinakosekana. Hakijawahi kukosekana.

Nimeandika mpaka hapa nikasimama, nikatazama kwenye mfuko wa pedeli mahali nilipopanga kuisokomeza karatasi hii. Kuna mfuko mdogo wa pembeni, una zipu. Nikaifungua zipu, na mkono wangu ukawa umeshaingia na karatasi, ndipo nikaona ninachofanya. Nakwenda kukificha kitu kingine kwenye droo nyingine. Nakupangia tena lini ujue na ukiwa wapi, na nimechagua mahali ambapo mimi sitakuwepo.

Sifanyi hivyo. Barua hii nitakupa mkononi leo, ukiingia tu, kabla hujavua ushungi. Utaisoma hapa dukani na mimi nikiwa nimekaa kwenye lile stuli la Mzee Ndahani. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wasikie, nimewapima vya kutosha. Ukitaka kunyamaza kama mama yako, nitakaa na huo unyamavu. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, nitakuja stendi hivyohivyo nisimame mbali.

Pedeli nimeiacha wazi mezani. Kila kitu kiko mahali pake isipokuwa uzi. Uzi sijaufunga. Nimekukatia kipande kipya, nimekipaka nta, na kipande kingine cha akiba kiko kwenye mfuko. Kuufunga kunataka mikono miwili ya kushika springi na mingine miwili ya kuzungusha, mimi nimekuwa nikifanya peke yangu kwa meno na matusi. Voliyumu izungushwe kwanza mpaka sauti ifungike kabisa, pedeli ikiwa juu, mizunguko miwili na nusu, na uache nafasi kidogo kabla ya mwisho, uzi usivutwe ukagonga ukuta. Mimi nitashika springi. Wewe ufunge, maana wazo lilikuwa lako na chombo ni chako.

Ile skrubu ya nne imenishinda. Bamba litafungwa na tatu, na litashika.

Nasikia bajaji imesimama nje, na sauti ya mama yako inabishana na dereva. Sasa wewe unacheka. Chomeka gitaa uijaribu mwenyewe, usiniulize mimi imepona au bado, neno langu katika hilo halina thamani tena.

Baba yako